Jiwe la Nyoka: Suali la Darasa na Jawabu Lake

Katika darasa yetu ya usiku tuliulizwa suali ambalo kwanza tulilidhani dogo, kisha tukaona kuwa lina mizizi. Mwanafunzi mmoja aliletewa zawadi na ami yake aliyerudi kutoka Uingereza: jiwe la kijivu, kadiri ya kiganja, lililojiviringa mfano wa nyoka aliyelala. Alipolifikisha nyumbani watu wakagawanyika. Bibi yake alisema kuwa huyo ni nyoka aliyelaaniwa akageuzwa jiwe, wala haifai kumlaza chini ya paa moja na watoto. Jirani naye akasema la, jiwe kama hilo ni kinga, na litiwe chini ya mto wa mgonjwa. Kijana akatuuliza: lipi lililo kweli katika haya mawili?

Jawabu letu ni kuwa hapana lililo kweli katika hayo mawili. Na kwa kuwa hofu ya jiwe na tamaa ya jiwe zote mbili hutoka katika mlango mmoja, nao ni kutotazama, tumeona tulieleze jambo hili hapa, walipate na wale wasiohudhuria.

Jiwe hilo huitwa amonaiti. Si nyoka, wala halikuwa nyoka. Ni gamba la mnyama wa bahari aliyekuwa jamaa wa pweza, ngisi na dome, ambao kila mvuvi wa kwetu awajua. Tofauti ni kuwa amonaiti aliishi ndani ya gamba alilolijenga mwenyewe. Alikaa katika chumba cha mbele kilicho wazi, na kila alipokua alijisogeza mbele akajenga ukuta nyuma yake. Vyumba alivyoviacha nyuma vilitolewa maji kwa mrija mwembamba uliopita katika kuta zote, vikabaki na hewa, naye akaweza kuelea asizame. Mwenye kutaka ushahidi na alikate jiwe kama hilo katikati kwa msumeno: mara nyingi ataviona vyumba vimepangana, kimoja baada ya kimoja. Nyoka hana vyumba.

Wanyama hawa walijaa baharini kwa muda mrefu sana, kisha wakatoweka wote yapata miaka milioni 66 iliyopita, zama zile zile walipotoweka wale mijusi wakubwa wa kale. Alipokufa mmoja wao, gamba lake lilizama katika tope. Tope likafunikwa na tope jingine, maji yenye madini yakapenya, na baada ya dahari tope likawa mwamba na gamba likawa jiwe ndani yake. Mabaki ya namna hii huitwa visukuku.

Wala asidhani mtu kuwa maneno haya ni mageni kwetu. Katika karne ya 11 Al-Biruni aliandika kuwa jangwa la Arabuni lilikuwa bahari hapo zamani, na hoja yake ilikuwa mawe yenye makombe na konokono ndani yake, yanayoonekana watu wachimbapo visima. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Kitab al-Shifa jinsi udongo na viumbe wanavyogeuka jiwe. Mabwana hawa hawakuwa na vyombo vya leo. Walikuwa na macho, na ujasiri wa kuyaamini waliyoyaona.

Ama khurafa ya nyoka, hiyo si ya bibi wa mwanafunzi wetu peke yake, na haifai kumcheka. Huko Uingereza kwenyewe, katika mji wa Whitby wa pwani ya kaskazini-mashariki, watu walisimulia kwa karne nyingi kuwa mtawa mmoja wa kale, jina lake Hilda, aliwageuza nyoka wa mahali hapo kuwa mawe. Wenye akili wakauliza: mbona nyoka hawa hawana vichwa? Wafanyaji biashara hawakukosa jawabu: walichukua tindo wakachonga vichwa katika amonaiti, wakawauzia wageni. Tazama basi namna uwongo unavyozaa: ulipopungukiwa na ushahidi, ushahidi ukachongwa.

Sasa tuwaelezee ndugu zetu wapi mawe haya hupatikana na vipi huokotwa. Mahali mashuhuri kupita pote huko Uingereza ni pwani ya Dorset, upande wa kusini, baina ya miji ya Lyme Regis na Charmouth. Huko kuna magenge marefu, yaani majabali yaliyosimama wima mbele ya bahari, nayo ni matabaka ya chokaa na tope gumu la kijivu, moja juu ya jingine kama kurasa za kitabu. Umri wake wapata miaka milioni 200 kwa yale ya chini. Kila tabaka lina amonaiti wa namna yake, asiyepatikana katika tabaka la juu wala la chini. Kwa hivyo mtaalamu akionyeshwa amonaiti mmoja huweza kutaja zama za mwamba aliotoka. Hii ndiyo faida kubwa ya mawe haya, nayo ni bora kuliko kinga ya chini ya mto.

Katika mji huo wa Lyme Regis alizaliwa mwaka 1799 binti wa seremala maskini, jina lake Mary Anning. Baba yake alifariki mwaka 1810 akaiachia nyumba madeni, na binti akaendelea na kazi aliyofundishwa naye: kuokota amonaiti chini ya magenge na kuwauzia wasafiri. Kwa kazi hiyo, yeye na ndugu yake waliufukua mfupa mzima wa mjusi mkubwa wa baharini katika miaka ya 1811 na 1812, na mwaka 1823 akampata mwingine wa namna nyingine. Mabwana wenye elimu walinunua mawe yake, wakaandika vitabu, na mara nyingi jina lake hawakulitaja. Chama chao cha elimu ya miamba huko London hakikupokea wanachama wanawake mpaka mwaka 1919, naye alikwisha kufariki mwaka 1847. Mwaka 2022 ndipo aliposimamishiwa sanamu katika mji wake. Elimu ni amana, na anayeichukua kwa mwenziwe bila ya kumtaja ameivunja amana hiyo, hata akiandika vitabu mia.

Ama adabu za kuokota, hizi hapa, nasi twaziandika kwa kuwa wako vijana wetu wanaoishi na kusoma huko.

Ya kwanza ni kuyajua maji. Na aende mtu maji yanapokupwa, na arudi kabla hayajajaa, kwani huko bahari hufika mpaka mguuni mwa genge na mtu hukosa pa kupita. Wakati mzuri ni wa baridi, baada ya dhoruba, mawimbi yakishayaosha mawe mapya.

Ya pili ni kujiepusha na genge lenyewe. Tope lile hulainika kwa mvua na huporomoka bila ya onyo. Mwaka 1833 Mary Anning aliponea chupuchupu, na mbwa wake aliyekuwa karibu ya miguu yake akafukiwa mbele ya macho yake. Mwaka 2012 maporomoko ya Burton Bradstock, katika pwani hiyo hiyo, yalimwua mwanamke kijana aliyekuwa akipita chini yake. Hapana jiwe lenye thamani ya roho.

Ya tatu ni kuokota kilichoanguka na kuacha kilichosimama. Huko wameafikiana kuwa mawe yaliyolala ufukweni huokotwa, kwani yakiachwa bahari itayasaga. Lakini kuchimba genge bila ya idhini ni makosa. Anayepata kitu cha maana hukiandikisha katika kituo cha Charmouth, ili elimu yake isipotee. Nyundo hutumiwa kwa madonge ya chokaa yaliyoviringana tu, na mpigaji huvaa miwani ya kukinga macho, kwa kuwa vipande huruka kama risasi.

Ya nne ni kuandika. Siku ile ile na iandikwe karatasi: limeokotwa wapi, tarehe gani, karibu ya tabaka gani. Jiwe lisilo na maandishi ni kama shahidi asiyejulikana jina wala mji. Huenda akasema kweli, lakini kadhi hatamsikiliza.

Ya tano ni kuhifadhi. Baadhi ya amonaiti wa Charmouth hung'aa kama dhahabu, nayo si dhahabu bali ni madini ya chuma na kiberiti. Yakikaa penye unyevu huoza yakawa unga, basi na yawekwe pakavu.

Huenda msomaji akasema: haya yote ni ya Uingereza, sisi yatuhusu nini? Twamjibu kuwa amonaiti wako mlangoni pake. Miamba ya tope gumu iliyo bara ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Changamwe na Miritini, ina amonaiti wenye umri wa takriban miaka milioni 150. Wataalamu wa Berlin waliandika habari zao tangu miaka ya 1870, na mwaka 1930 ilichapwa huko Glasgow ripoti ya visukuku vya pwani yetu vilivyokusanywa na Bibi McKinnon Wood. Wageni walivuka bahari kuja kuyatazama mawe ambayo sisi twayapita kila siku tukienda kazini. Lakini asiwatafute mtu katika mawe ya matumbawe tuliyojengea nyumba na yaliyobeba Ngome ya Yesu. Mawe hayo ni machanga, umri wake wapata miaka 125,000, na amonaiti walikwisha kutoweka zamani sana kabla yake.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa. Sheria ya Kenya si kama desturi ya Dorset. Kwa sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi, visukuku vinalindwa, wala si halali mtu kuvichimba, kuviuza au kuvitoa nchini bila ya ruhusa. Anayeviona wakati wa kuchimba msingi au barabara na asivipigie nyundo. Na apige picha, aandike mahali, kisha aipashe habari Makumbusho ya Taifa, ambayo kwetu yako humo Ngomeni. Kila siku mashine zinaivunja miamba hiyo kwa barabara na majumba, na lililovunjwa bila ya kuonekana halirudi.

Turejee kwa kijana wetu. Tulimwambia: mpelekee bibi yako jiwe, ukae naye kwa adabu, umwonyeshe kuwa halina kichwa wala mkia wala magamba ya nyoka, na umweleze habari ya ngisi na dome, kwani yeye awajua kuliko wewe. Jirani naye mwambie kuwa jiwe halidhuru wala halinufaishi, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kisha mwandikie ami yako umwulize aliliokota wapi na siku gani. Wiki ya pili alikuja na karatasi: Charmouth, mwezi wa Januari, ufukweni, maji yakipwa. Jiwe sasa liko juu ya kabati ya darasa yetu, na karatasi yake chini yake, na kila apendaye kulitazama karibu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.