KUSOMA MAISHA YA MOTOKARI YA OKAZIO KATIKA KARATASI ZA KONTROLI



Mzazi mmoja tunayemjua sana aliuza shamba na ng'ombe wawili ili anunue motokari ya okazio. Rangi yake iling'aa, viti vilikuwa safi, na konteri ilionyesha kilometa kidogo. Nyuma ya miezi miwili, wakati wa kushuka mlima na watu saba ndani, tiyo moja ya freni ilipasuka. Tunamshukuru Mungu kwani shofere aliiingiza motokari katika mtaro na hakuna aliyekufa. Kiisha, sisi wa sekshoni ya mekanika tuliingia chini yake pamoja na mwalimu wetu. Tukakuta kutu kila mahali. Kutu ile haikuanza hapa kwetu, ilikuwa ya miaka mingi. Mtu angaliweza kuijua mbele ya kulipa? Ndilo ulizo la somo hili.

Motokari nyingi tunazoziona katika barabara zetu zimetoka Ulaya ao Japani. Katika inchi zile serkali inalazimisha kila motokari kupita kontroli tekniki. Kule Japani motokari mpya inapita kwanza nyuma ya miaka 3, kiisha kila miaka 2. Kule Ubelgiji, tangu mwisho wa mwaka 2006, anayeuza motokari ya okazio anapaswa kumpa mnunuzi karatasi inayoitwa Car-Pass, na ndani yake hesabu ya kilometa imeandikwa tarehe kwa tarehe. Lakini kwa somo hili tutachagua Uingereza, juu kule habari za kontroli zimefunguliwa kwa kila mtu.

Kontroli ya Waingereza inaitwa MOT. Ilianza mwaka 1960, na wakati ule ilihusu motokari za miaka 10 na zaidi: walipima freni, taa na usukani tu. Tangu mwaka 1967 inaanza motokari ikitimiza miaka 3, na inarudiwa kila mwaka. Tangu 2005 matokeo yanawekwa katika ordinatere za serkali. Leo mtu akiwa na namba ya plake ya kule, anaweza kuyasoma katika intaneti bila kulipa kitu: tarehe, maili za konteri, kama ilipita ao ilianguka, na sababu zake.

Tangu Mei 2018 makosa yanapangwa hivi:
1. Ya hatari: motokari imeanguka, na haifai kutembea mpaka itengenezwe.
2. Makubwa: imeanguka, itengenezwe upesi.
3. Madogo: imepita, lakini kosa litengenezwe.
4. Mashauri: imepita, lakini kitu fulani kimeanza kuchoka na kinapaswa kuangaliwa.

Wasomaji wengi wanaangalia neno moja tu: «imepita». Sisi tunasema, msifanye vile. Mnajua bulletini ya poenti. Mwanafunzi anaweza kupita kwa 50 juu ya 100 kila mwaka, na mwingine akaanguka mara moja tu juu ya ugonjwa. Mwalimu mwenye akili anasoma miaka yote pamoja. Vivyo hivyo na motokari.

Tuchukue mfano. Motokari hii tumeitunga sisi wenyewe kwa kujifunza. Ilitengenezwa mwaka 2006.

2018: maili 88 400. Imepita. Shauri: kutu kidogo juu ya tiyo za freni za nyuma.
2019: maili 96 100. Imepita. Mashauri: tiyo za freni zina kutu, mipira ya mbele imelika karibu na mpaka.
2020: maili 99 800. Imepita. Hakuna shauri.
2021: maili 104 900. Imeanguka: tiyo za freni zimeliwa na kutu. Nyuma ya siku mbili imepita.
2022: maili 112 300. Imeanguka: kutu katika chuma cha shasi, karibu na mahali pa kufungia resori za nyuma. Kesho yake imepita.
2023: maili 112 900. Imepita. Shauri: kutu chini ya motokari.

Sasa tusome pole pole.

Kwanza, konteri. Maili zinapaswa kupanda kila mwaka. Zikishuka, ao konteri ilibadilishwa, ao mtu aliirudisha nyuma, muuzaji aeleze. Hapa hazishuki. Toka 2018 mpaka 2019 ilitembea maili 7 700. Mwaka 2020 ilitembea 3 700 tu, na hiyo si ajabu, kwani ni mwaka wa Covid, watu walifungiwa nyumbani. Tena mwaka ule serkali yao iliongeza miezi 6 kwa motokari zilizopaswa kupita kuanzia 30 Machi. Kwa hiyo tarehe ikichelewa mwaka 2020, msihukumu upesi. Lakini toka 2022 mpaka 2023 ni maili 600 tu. Kwa nini? Motokari ilisimama. Inayosimama inje katika mvua inaoza: freni zinakamata, mipira inapasuka, kutu inaendelea.

Pili, kutu. Iangalieni tiyo ya freni. 2018 kutu kidogo, 2019 kutu, 2020 kimya, 2021 imeanguka. Je, mwaka 2020 kutu ilipona? Hapana, kutu haiponi yenyewe. Kama tiyo zingalibadilishwa, zisingaliweza kuliwa tena kwa mwaka mmoja. Basi mkaguzi wa 2020 hakuandika, ao hakuona. Hapa tunajifunza sheria moja: shauri likipotea, tuulize nani alitengeneza, na fakture iko wapi. Ukimya wa karatasi si dawa.

Kutu ile inatoka wapi? Kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi juu ya barabara ili barafu iyeyuke. Chumvi na maji vinaingia chini ya motokari na kula chuma. Kwa hiyo motokari ya kule inaweza kuwa nzuri juu na mgonjwa chini.

Tatu, namna ya kuanguka. Kuanguka juu ya ampuli ya taa ni jambo dogo. Kuanguka juu ya shasi ni jambo jingine. Sheria yao inatazama sana chuma kilicho ndani ya sentimeta 30 toka mahali pa kufungia resori, usukani, freni ao mikaba ya viti, kwani chuma kile kikivunjika, watu wanakufa. Motokari yetu ilianguka 2022 kwa sababu hii, na kesho yake ikapita. Mtu aliunga chuma kwa moto kwa siku moja. Pengine alifanya vizuri, pengine sivyo. Karatasi haiwezi kutuambia. Inatuonyesha tu mahali pa kuingiza kichwa na taa.

Nne, tabia ya mwenyeji. Anayetengeneza kila shauri mbele ya mwaka kwisha alipenda motokari yake. Anayengoja mpaka ianguke ndipo atoe feza, huyu alifanya vile vile kwa oili na kwa vitu vingine visivyoonekana. Ndiyo maana tunaweza kupenda motokari iliyoanguka mara tatu na kutengenezwa vizuri kuliko ile iliyopita kila mara na mashauri yale yale.

Tano, mambo ambayo karatasi haisemi. MOT haipimi hali ya mota, wala ambreyaji, wala buati ya vitesi. Inasema habari ya siku moja tu. Na motokari ikitoka inchi ile, historia inasimama. Kwa hiyo muulize muuzaji plake ya zamani na karatasi ya mwisho ya kontroli, kiisha mlinganishe namba ya shasi iliyo juu ya karatasi na ile iliyopigwa juu ya chuma. Zikiachana, rudisheni ufunguo na kwenda nyumbani.

Tuna mtego mmoja tena, na umewakamata watu wengi. Waingereza wanahesabu maili. Muuzaji anaonyesha konteri, 112 900, na anasema «kilometa». Maili moja ni kilometa 1,609. Tuzidishe: 112 900 × 1,609 = 181 656. Tazameni, karibu kilometa 69 000 zimefichwa bila mtu kugusa konteri! Wale wanaouliza hesabu inatusaidia nini, wapate jibu hapa.

Ndugu, komite ya wazazi wanatafuta sasa motokari ya kupeleka wagonjwa wa internati ku hospitali. Feza ile imetoka katika mifuko ya watu wanaolima. Tunaomba wasitazame rangi kwanza. Walete plake ya zamani, nasi tutasoma pamoja nao, kiisha tutaingia chini na taa. Kama muuzaji anakataa kutoa plake, hilo nalo ni jibu. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa motokari, si mali tu inayopotea.

Maulizo kwa kila darasa:
1. Toka 2020 mpaka 2021 motokari yetu ilitembea kilometa ngapi?
2. Kwa nini kimya cha 2020 hakitutoshi?
3. Muuzaji anasema: «Imepita 2023, basi ni nzuri.» Mjibu kwa maneno matatu ao mane.
4. Wewe ungeinunua? Eleza sababu.

Majibu myatie katika sanduku la bulletini mbele ya Ijumaa.