Foleni ya Kahawa Sukari na magari ya baba mkwe

*Mjomba, mimi ni dereva wa zamani, naishi Kahawa Sukari. Tangu Januari sacco yetu imeniweka msimamizi wa steji: asubuhi niko hapa mtaani, jioni niko mjini. Tuna matatu 34, zote za abiria 14. Asubuhi foleni inapinda hadi kwenye maduka na hakuna siku inayopita bila matusi. Makanga wanawawekea viti watu wanaowajua. Mama mkwe wangu naye akifika huenda moja kwa moja mlangoni, na watu wanaona. Sasa kuna kikao cha wanachama. Mwenyekiti anataka tukope, tuuze hizi ndogo na tununue za abiria 33, na anataka mimi nisimame niseme foleni inahitaji magari makubwa. Baba mkwe ana mbili kati ya hizo 34, ndizo zinazomlisha, na ndiye aliyenisemea nipate kazi hii. Mke wangu ameniambia nikiunga mkono makubwa nitafute pa kulala. Nikiunga mkono madogo, mwenyekiti ataniondoa. Niseme nini?*

*Msimamizi, Kahawa Sukari*



Mpwa wangu, umeniuliza useme makubwa au madogo. Kwa jinsi ulivyoandika, hakuna hata mmoja katika sacco yenu anayejua jibu, nawe ukiwemo, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Mwenyekiti anaona watu wengi na anawaza gari kubwa. Mkweo anauona mkopo na kuwaza mnada. Wewe ndiye unayesimama pale kila siku gizagiza, kwa hiyo wewe ndiye unayeweza kuleta kikaoni kitu ambacho wao hawana. Usikimbilie kuchagua upande kabla hujakileta.

Chukua daftari. Kwa wiki nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja na nusu, andika kila gari linaloondoka na saa lililoondoka. Kila baada ya robo saa mpe mtu wa mwisho kwenye foleni kikaratasi chenye saa aliyofika, na umwombe akurudishie anapopanda. Hapo utajua mtu anangoja muda gani hasa. Anayelalamika atakwambia saa nzima na makanga atakwambia dakika tano, na wote wawili wanasema uongo bila nia mbaya. Siku ya mvua iandike peke yake.

Kisha andika jambo ambalo naona ndilo roho ya mgogoro wenu: gari likitoka Kahawa Sukari, linarudi saa ngapi? Tuseme kwenda mjini na kurudi kunakula saa mbili asubuhi, Barabara ya Thika ikiwa imefunga. Basi katika zile saa mbili za msongamano kila gari lenu linapiga tripu moja tu. Matatu 34 mara viti 14 ni viti 476, na hiyo ndiyo mali yote mliyo nayo asubuhi. Sasa muulize mwenyekiti, kwa adabu, mkopo wake utanunua magari mangapi ya 33. Yakiwa 15, ni viti 495, karibu sawa na mlivyo leo. Yakiwa 12, ni viti 396, yaani mtakuwa mmekopa ili mpunguze viti 80. Yakifika 20, viti ni 660, na hapo foleni itakatika kweli. Hoja ya ukubwa wa gari inaanza kuwa na maana baada ya kujibiwa swali hilo, na nina hakika bado halijajibiwa.

Na kuna sheria. Kanuni za magari ya abiria za 2014, zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri, NTSA, zinataka kila sacco au kampuni iwe na magari yasiyopungua 30. Nyinyi mko 34. Mkiuza yote na kurudi na 15 au 20, leseni yenu wenyewe itakuwa mashakani, mkalazimika kuungana na watu wengine. Ajabu ni kwamba mkopo unaweza kupita kikaoni kwa makofi na vigelegele kabla mtu hajalisema hilo.

Hesabu ya mchana nayo iko upande wa baba mkwe. Saa nne asubuhi hakuna foleni. Gari la 14 linajaa kwa muda ambao abiria anaweza kuvumilia. La 33 litakaa hapo likinguruma, aliyeingia wa kwanza ataanza kuangalia simu, kisha atashuka kimyakimya aende barabarani kudandia gari linalopita kutoka Ruiru au Juja. Ukimpoteza huyo, wanaofuata nao watajua njia.

Usidhani nayapinga magari makubwa. Ninachokataa ni imani kwamba ukinunua kitu kikubwa au chenye mbio, foleni inakufa. Hii barabara yenu ni ushahidi. Ujenzi ulianza 2009, Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012, njia zikawa nne kila upande sehemu nyingine. Anayekumbuka Githurai ya zamani hawezi kuidharau kazi ile. Lakini muulize dereva yeyote leo anakwama wapi asubuhi: Muthaiga, Pangani, Ngara. Msongamano ulipanda gari nao, ukashukia karibu na mji.

Dar es Salaam wao walianza na barabara ya mabasi peke yake. Mwendokasi ilianza kubeba abiria Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na mabasi 140, tiketi zikikatwa kabla ya kupanda. Ni mpango mzuri kuliko wetu. Mabasi yalipopungua barabarani, mengine yameharibika, mengine yamepata maji ya mafuriko katika karakana ya Jangwani, foleni ya Kimara ikawa habari ya magazeti, watu wakiingia kwa madirisha. Njia ilikuwepo, na vituo pia. Kilichokosekana ni basi linalorudi kwa wakati.

Kuna watu wengine wenye kazi kama yako ambao hungewadhania. Kwenye milima ya theluji ya Ulaya na Marekani watu hulipa pesa nyingi wapandishwe juu, wateleze hadi chini, kisha wapange foleni tena wapandishwe. Wanabebwa na viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma inayozunguka bila kusimama. Mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulifungwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936. Aliyeubuni, mhandisi wa reli ya Union Pacific aitwaye Jim Curran, alichukua wazo kutoka kwa mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Mwaka 1981 huko Breckenridge, Colorado, ukaja mtambo wa viti vya watu wanne ambao ulikwenda karibu mara mbili ya ile ya zamani. Mtu angetarajia foleni ipungue nusu. Hesabu inakataa. Kiti kinachokwenda mbio lazima kiachane zaidi na cha mbele yake, na kikifika kituoni kinapunguza mwendo ili watu wakikalie. Kiti cha watu wanne kikipita kila sekunde sita, wanaopanda ni 2,400 kwa saa, huko juu kamba iende mbio au iende polepole. Kinachopungua ni muda wa kukaa hewani. Na aliyefika juu mapema hushuka mapema, akarudi kwenye foleni mapema.

Kwa hiyo hao jamaa, wenye pesa zote zile, hujishughulisha sana na pale mahali mtu anapokalia kiti. Mojawapo ya dawa zao haigharimu kitu: laini ya pili kwa walio peke yao. Familia ya watatu ikikaa kwenye kiti cha wanne, anaitwa mmoja kutoka laini hiyo kujaza nafasi. Wewe tayari unalo hilo. Makanga wako kila asubuhi anaita "bado mmoja! mmoja wa mwisho!" huku watu wawili walio pamoja wakikataa kutengana na gari likingoja. Weka laini fupi ya wasiojali kukaa popote, uone.

Sasa njoo mlangoni kwako. Gari limefika, lina mlango mmoja. Abiria anatoa noti ya elfu moja saa kumi na mbili asubuhi. Makanga ana noti za hamsini zilizokunjwa katikati ya vidole, hazitoshi, anamgeukia dereva kuomba chenji. Mguu mmoja wa abiria uko ndani, mwingine uko kwenye vumbi, na nyuma yake watu 12 wamesimama wakimtazama kisogo. Hapo ndipo dakika zenu zinapotea. Nauli ikusanywe kwenye foleni kabla gari halijafika, taslimu au M-Pesa, lakini kwa wale 14 wa mbele tu. Ukikusanya ya watu 40 halafu gari lichelewe, utakuwa umeshika deni la watu wenye hasira. Na nauli itangazwe mkiani mwa foleni. Mvua ikinyesha na mkaamua kuongeza bei, jambo ambalo mimi silipendi lakini najua mtalifanya, mtu aisikie kabla hajaanza kusimama. Kumwambia bei mpya mlangoni, baada ya kunyeshewa dakika 40, ndiko kunakoleta yale matusi uliyoniandikia.

Viti vya makanga ni wizi, na nakushauri uuite hivyo mbele yao. Mtu anayengoja akiona foleni inasogea kwa haki, atasimama muda mrefu kuliko unavyodhani. Akiona mmoja tu amepenyezwa, dakika zake kumi zinageuka saa nzima. Omba sacco ikubali kanuni moja: viti viwili vya kwanza katika kila gari ni vya wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wanaobeba watoto wachanga. Iandike kwa rangi kwenye ubao, uusimamishe mbele ya foleni. Vilivyobaki 12 havina mwenyewe.

Mama mkwe ataingia kwa ubao huo. Kama umri wake unamstahilisha, apande kwa heshima zote, na atakayenung'unika aoneshwe maandishi. Kama bado hajafikia huko, maana wengine wetu tunaitwa wazee na wajukuu wakati magoti bado ni mazima, basi asimame nyuma ya yule mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta (KU) kama wengine. Lakini usimwambie hayo pale stejini mbele ya makanga. Mpitie nyumbani jioni moja kabla ubao haujawekwa, umweleze kwamba watu wanamsema yeye kwa sababu yako, na hutaki asemwe. Hilo ni kweli, na mama yeyote atalielewa haraka kuliko habari ya kanuni.

Ukiwa huko huko, kaa na baba mkwe. Mpelekee daftari kabla ya kikao. Asisikie hesabu zako kwa mara ya kwanza mbele ya watu, awe amezikubali au amezikataa. Mwambie, "Baba, haya ndiyo nitakayosema, hata yale yasiyokupendeza." Mke wako awepo, aone kwamba hukwenda kumuuza babake. Simwoni kuwa mkorofi, mke wako. Anaogopa chakula cha wazazi wake, na hajaonyeshwa karatasi yoyote.

Kikaoni, neno lako la kwanza liwe kwamba mkweo ana magari mawili humu na ndiye aliyekusemea. Wote wanajua, lakini ukilitaja wewe mwenyewe hakuna atakayekurushia baadaye kama jiwe. Kisha soma namba. Usiseme makubwa, usiseme madogo. Mwenyekiti akikasirika kwa sababu hukumsomea alichotaka, muulize ni namba ipi yenye kosa.

Wakikuomba pendekezo, na wataomba, sema magari manne ya 33 yajaribiwe, yakodishwe kama inawezekana kabla ya kukopa. Yafanye kazi alfajiri hapa mtaani na jioni kule mjini, ambako foleni ipo tayari na gari linajaa bila kungoja. Mchana yapumzike, au yatafute kazi za shule na harusi. Zile ndogo zibaki na mchana. Hapo baba mkwe hapotezi mkate wake, na mwenyekiti anapata kuona kwa macho kama ndoto yake inalipa. Mkianza na manne, idadi yenu haishuki chini ya 30, na kama mambo hayaendi, kurudisha magari ya kukodi si sawa na kumkimbia mwenye mkopo.

Jambo la mwisho ni tarehe. Najua watu wa sacco hupenda kujaribu vitu Agosti au Desemba kwa sababu kazi ni kidogo. Wakatae. Shule zikiwa zimefungwa na KU iko likizoni, barabara inapumua, gari linarudi mapema na foleni inakuwa fupi hata kama hamjafanya lolote. Anzeni wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, mhesabu kwa mwezi mzima mkitumia daftari lile lile na vikaratasi vile vile.