Sifa Hazilipi Karo

Leo nataka tujifunze jambo moja: je, mwanamichezo wa chuo akilipwa, mashabiki watamkimbia?

Twende Marekani. Huko timu ya chuo hupendwa kama sisi tunavyopenda Gor Mahia au AFC Leopards. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huingiza zaidi ya watu 100,000. Mzee aliyehitimu zamani bado huvaa rangi za chuo chake. Pesa za tikiti na televisheni ni nyingi ajabu, na makocha wakubwa hupata mamilioni ya dola. Mchezaji je? Kwa miaka mingi alipewa masomo, chakula na malazi, basi. Hata Mkenya mwenzetu Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alikimbia chini ya kanuni hizo.

Chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, kilidai ati mashabiki huwapenda vijana kwa sababu hawalipwi. Mwaka wa 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi yake katika kesi ya marupurupu ya masomo. Mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya biashara. Mwaka wa 2025 vyuo navyo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja.

Je, uwanja wa Michigan uligeuka mahame? La hasha! Ni kweli, wapo wanaonung'unika kuwa wachezaji huhamahama wakifuata pesa. Lakini makocha walihama hivyohivyo tangu zamani. Kumbe shabiki alipenda chuo chake, si umaskini wa mchezaji.

Somo hili lilinichoma moyo. Mwaka jana mshambulizi wetu alitufungia bao la ushindi. Nilishangilia hadi sauti ikanikauka. Jumatatu yake akarudishwa nyumbani kuleta karo, akakaa wiki mbili. Sisi tuliombeba mabegani hatukumchangia hata shilingi, wala hatukwenda kumjulia hali.

Wahenga hawakukosea waliposema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wenzangu, msimu ujao tukishangilia, tuulize pia kama aliyefunga bao amekula, na kama Jumatatu atakuwa darasani.