Tepu Bado Ina Kazi, Ila Si kwa Kila Ofisi

Mwishoni mwa Februari 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua sanduku la barua wakalikuta tupu. Google walikuwa na nakala za barua hizo katika vituo zaidi ya kimoja, lakini kasoro ya programu ilizipitia nazo. Zilizosalia ni za kwenye tepu, kwa sababu tepu ikishatolewa kwenye mashine, kasoro haina njia ya kuifikia, wala mdukuzi.

Basi kabla hujauliza bei ya chochote, jiulize: ipo nakala ya data zetu ambayo seva haiwezi kuigusa? Diski ya bakapu inayoshinda na kulala imechomekwa haihesabiki. Virusi vya kudai fidia vikiingia, vinaifunga pamoja na mafaili mengine. Kampuni ya meli ya Maersk ilipovamiwa na virusi vya NotPetya, Juni 2017, seva zinazosimamia akaunti za watumiaji wake zilifutika dunia nzima isipokuwa moja, ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika, seva ikawa imezimika. Umeme wa kukatika hata sisi tunao, ila huo si mpango wa bakapu.

Duka la jumla, zahanati, ofisi ya wakili, kama data zenu hazifiki TB 5, achaneni na tepu. Nunueni diski tatu za nje mzizungushe: moja ichomekwe wakati wa bakapu tu kisha ichomolewe, ya pili ikae kabatini, ya tatu ikae nje ya jengo kabisa. Huduma ya wingu nayo inafaa, lakini pigeni hesabu kwanza. Kupandisha TB 2 kwa intaneti ya Mbps 20 ni siku 9 na ushee, laini isipokatika hata mara moja.

Tepu huanza kulipa data zinapofika makumi ya TB na ni lazima zitunzwe kwa miaka: video za kituo cha televisheni, picha za eksirei na skani za hospitali kubwa, kumbukumbu za benki. Mashine yake ni ghali, dola elfu kadhaa. Kaseti ndiyo nafuu. Kaseti ya LTO-9 (LTO ni aina ya tepu, 9 ni kizazi chake) inabeba TB 18. Ile TB 45 wanayoitangaza watengenezaji ni ya data zinazobanika, na video karibu zote zimeshabanwa. Panga bajeti kwa 18.

Kaseti mpya ya LTO-9 ikiingizwa mara ya kwanza hujipima, pengine hadi saa 2. Usiitoe ukidhani imekwama. Halafu tepu haipendi kulishwa kidogokidogo: data zikija polepole inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, na hapo mkanda na kichwa cha kusomea vinachakaa. Zikusanye kwanza kwenye diski yenye kasi, ndipo uzimimine. Kwa walio pwani, adui ni unyevu. Weka kaseti wima ndani ya kasha, chumba chenye kiyoyozi, na iliyotoka nje ikae humo saa 24 kabla ya kutumika.

Angalia pia vizazi. Mashine ya LTO-9 inasoma LTO-8, haisomi LTO-7, kwa hiyo usiuze mashine kuukuu kabla hujahamisha yaliyomo kwenye kaseti za zamani. Na kama data zimefungwa kwa ufunguo wa siri, ufunguo huo usikae kwenye seva hiyohiyo yenye data.

Kila baada ya miezi mitatu, chagua faili moja la wiki jana na jingine la mwaka jana, uyarudishe kwenye kompyuta tofauti, kisha uyafungue. Kuona jina la faili tu haitoshi. Mara moja kwa mwaka rudisha mfumo mzima na uandike umechukua saa ngapi. Mpelekee bosi namba hiyo pamoja na mauzo ya siku moja, ndipo umwombe bajeti.