Jenereta Kwenye Mjengo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuvuta Kamba

Ploti nyingi zinazojengwa sasa ziko nje ya miji, mahali ambapo laini ya stima haijafika au mwenye nyumba bado anasubiri kuunganishiwa. Fundi wa mbao anataka kupasua, fundi wa mfereji anataka kutoboa ukuta, na maji ya kuchanganya saruji yako chini ya kisima. Jenereta ndogo ya petroli hukodishwa au kununuliwa, kamba huvutwa, kazi husonga. Kabla ya mengine yote, hata hivyo, mkazi anayejenga anahitaji kujua kuhusu moshi wake, kwa sababu moshi ndio unaoua kimya kimya.

Jenereta hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hushikwa na usingizi, na ni rahisi adhani ni uchovu wa siku au malaria. Kwenye mjengo, anayekabiliwa zaidi na hatari hii ni mlinzi. Jioni mafundi wakienda yeye hubaki na mali. Jenereta ikikaa nje itaibwa au kunyeshewa, kwa hivyo anaiingiza katika chumba kilichokwisha kuezekwa, pale pale penye mifuko ya saruji na godoro lake. Usiku akiiwasha kidogo apate taa na kuchaji simu, chumba hujaa gesi hata kama madirisha hayajawekwa vioo. Kuacha mlango wazi hakutoshi.

Jenereta ikiwa inanguruma ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, na bomba la moshi lielekezwe mbali na nyumba, pia mbali na nyumba ya jirani. Mvua si sababu ya kuiingiza ndani: mabati mawili juu ya miti minne, pande zote zikiwa wazi, yanatosha. Kuhusu wizi, pete ya nondo iliyozamishwa katika zege na mnyororo wenye kufuli hufanya kazi nzuri. Na mwenye nyumba akimnunulia mlinzi taa ndogo ya sola yenye tundu la kuchajia simu, sababu ya kuwasha jenereta usiku huisha kabisa. Pengine hiyo ndiyo pesa inayotumika vyema zaidi katika ujenzi wote.

Mtu akipatikana amezirai karibu na jenereta, apelekwe penye hewa safi mara moja na msaada uitwe kwa 999 au 112. Anayekwenda kumwokoa asikawie ndani. Naye anaweza kuanguka.

Sasa ukubwa. Jenereta huandikwa kwa kVA, na kwa mashine nyingi ndogo hesabu ya haraka ni kuzidisha kwa 0.8 ili kupata kilowati. Iliyoandikwa kVA 3.5 basi hutoa takriban wati 2,800. Inafaa pia kuangalia kama namba kubwa kwenye kibandiko ni ile ya juu kabisa, ambayo mashine huivumilia kwa muda mfupi tu. Ya kutumia kwenye hesabu ni ile ndogo, ya kazi ya mfululizo. Grainda kubwa ya inchi 9 hula wati 2,000 hadi 2,400 peke yake. Pampu ya nguvu farasi 1 hula karibu wati 1,000 ikiwa inazunguka, lakini inapoanza huhitaji mara tatu au zaidi kwa sekunde chache. Ndiyo maana jenereta iliyokuwa ikiendesha grainda vizuri huzima ghafla mtu anapowasha pampu. Dawa si lazima iwe jenereta kubwa: pampu ijaze tangi asubuhi, izimwe, kisha mafundi waanze kukata. Mashine ya kuchomelea ni habari nyingine. Huhitaji jenereta kubwa zaidi, na mara nyingi ni nafuu kupeleka vipimo vya madirisha kwa jua kali mwenye stima kuliko kukodisha jenereta hiyo.

Kwa kuwa jenereta imewekwa mbali, waya huwa mrefu, na waya mrefu mwembamba hupoteza umeme njiani. Kwa mzigo wa ampia 10, yaani ile grainda kubwa, waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50 hupoteza takriban volti 14 kati ya 240. Wa milimita mraba 2.5 hupoteza takriban volti 9. Mota inayopata volti pungufu hufanya kazi kwa shida, hupata moto na kuungua kabla ya wakati wake. Waya pia ukunjuliwe wote. Ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake chini ya mzigo mkubwa, huyeyuka. Usipite kwenye maji wala chini ya magurudumu ya wilbaro.

Kosa lingine ni lile la waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja jenereta, mwingine soketi ya ukutani. Pini za plagi hiyo zikiwa wazi zina umeme. Baya zaidi, nyumba ikiwa imeshaunganishwa na laini na stima imepotea, umeme wa jenereta hurudi hadi kwenye transfoma na kupandishwa kuwa maelfu ya volti, huku fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Jenereta huunganishwa na nyumba kupitia swichi ya kubadilishia, inayotenga laini kabisa, na kazi hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Fundi huyo huyo ndiye wa kuangalia udongo, yaani waya wa ardhi, na swichi ya kinga inayokatika kwa miliampia 30. Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani waya wake wa nyutro haujafungwa na ardhi, na katika hali hiyo swichi ya kinga huenda isikatike hata kukiwa na hitilafu. Mwenye nyumba huiona imefungwa ukutani akadhani analindwa.

Petroli hujazwa injini ikiwa imezimwa na kupoa, na mtungi wake haukai anapolala mtu. Oili hukaguliwa kila siku ya kazi. Katika mashine mpya hubadilishwa baada ya saa 20 za mwanzo, kisha takriban kila saa 100 au jinsi kitabu chake kinavyoelekeza. Kuhusu kelele, kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinadhibiti kelele za ujenzi, na kiwango kinachoruhusiwa usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Kazi za grainda zimalizwe kabla ya saa kumi na mbili jioni.