Uswidi na UVIKO-19: Je, Walishinda au Walishindwa?



Leo tutasoma habari za nchi ya mbali. Nchi hiyo ni Uswidi. Iko kaskazini ya Ulaya, penye baridi kali na theluji. Ina watu milioni 10 na zaidi kidogo. Wengi wetu tunaijua kwa jambo moja: Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilifuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya huko.

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, Uswidi haikufanya kama majirani zake. Watu wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Wengine husema Waswidi walitumia busara. Wengine husema walizembea, na wazee wao wakafa. Katika somo hili tutazisikiliza pande zote mbili, kisha tutapiga hesabu. Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

WALIFANYA NINI?

Kwanza tuukumbuke ugonjwa wenyewe. UVIKO-19 huletwa na kirusi. Kirusi ni kijidudu kidogo mno, hakionekani kwa macho. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akiongea, virusi humtoka pamoja na pumzi na matone ya mate. Mtu aliye karibu huvivuta. Ndani ya chumba kilichojaa watu, madirisha yamefungwa, watu huambukizana upesi kuliko nje penye upepo. Tena mtu anaweza kuwaambukiza wenzake kabla yeye mwenyewe hajajisikia kuumwa. Hapo ndipo penye ugumu.

Mwezi Machi 2020 nchi nyingi za Ulaya zilitoa amri kali. Norwei na Denmark, majirani wa Uswidi, zilifunga shule na mipaka. Huko Italia, Uhispania na Ufaransa mtu alikuwa haruhusiwi kutoka nyumbani bila sababu inayokubaliwa.

Uswidi haikuwafungia watu majumbani. Shule za watoto wa chini ya miaka 16 ziliendelea. Maduka yaliendelea. Mikahawa nayo iliendelea, ila mteja alitakiwa akae mezani aletewe chakula, asisimame kaunta na wenzake. Serikali iliwashauri watu: ukiumwa, hata mafua kidogo, baki nyumbani. Nawa mikono. Usimkaribie mwenzako. Kama kazi yako inawezekana kufanyika nyumbani, ifanye huko. Kama una miaka 70 au zaidi, punguza kukutana na watu.

Lakini msidhani kwamba hapakuwa na amri hata moja. Wabishi wengi hukosea hapo. Mikutano ya watu zaidi ya 500 ilikatazwa mwezi Machi 2020. Kabla mwezi huo haujaisha, ikakatazwa hata mikutano ya watu zaidi ya 50. Wanafunzi wakubwa wa sekondari na wa vyuo vikuu waliambiwa wasomee nyumbani. Kuanzia Aprili 1, 2020 ilikatazwa kwenda kuwatembelea wazee katika nyumba za kutunzia wazee. Ugonjwa uliporudi kwa nguvu Novemba 2020, mikutano ya hadhara ikapunguzwa mpaka watu 8. Jambo lililochelewa kabisa ni barakoa. Mpaka Desemba 2020 wataalamu wa huko hawakuwashauri wananchi wazivae, na hata walipotoa ushauri huo ulikuwa hasa wa ndani ya mabasi na treni, saa za msongamano.

KWA NINI WALICHAGUA NJIA HIYO?

Sababu moja ni sheria zao. Uswidi idara za serikali hujitegemea, na waziri haruhusiwi kuziingilia katika kazi zao za kila siku. Kwa hiyo mtu aliyesikilizwa sana hakuwa Waziri Mkuu, Stefan Löfven. Alikuwa mtaalamu mkuu wa magonjwa ya kuambukiza, Anders Tegnell, wa Idara ya Afya ya Umma. Tena sheria za nchi hazikuwa na njia rahisi ya kuwafungia watu majumbani wakati wa amani. Sheria maalumu ya UVIKO-19 ilipatikana Januari 2021.

Sababu nyingine ni mawazo ya Tegnell na wenzake. Wao waliona kwamba ugonjwa huu utakaa muda mrefu. Mtu huvumilia amri kali kwa wiki chache, kisha huchoka. Bali ushauri anaouelewa na kuukubali anaweza kuufuata kwa miaka. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walichimba vyoo baada ya kukaa katika vikundi, kusikiliza redio na kujadiliana wenyewe.

Lakini kuna sababu ambayo wabishi wengi hawaitaji, nayo ni mfuko. Mfanyakazi wa Uswidi akiumwa hulipwa. Hapo awali siku ya kwanza ya kuumwa hakulipwa, lakini Machi 2020 serikali iliamua kuilipia hata siku hiyo. Basi mtu akiambiwa "baki nyumbani" anabaki, maana watoto watakula. Tena Waswidi wengi huishi mtu mmoja peke yake katika nyumba. Mpe ushauri uo huo mama anayeuza samaki mnadani, ambaye chakula cha jioni hutoka katika mauzo ya asubuhi, na ambaye hulala chumba kimoja na watoto watano. Atakusikiliza kwa heshima, kisha atachukua beseni lake aende.

UPANDE WA KWANZA: WALISHINDWA

Sasa tupige hesabu. Chukua kalamu.

Mwisho wa mwaka 2020 Uswidi ilikuwa imetangaza vifo zaidi ya 8,500 vya UVIKO-19. Norwei ilikuwa na vifo pungufu ya 500. Lakini Norwei ina watu milioni 5 na zaidi kidogo, yaani kama nusu ya Uswidi. Kwa hiyo ili tulinganishe kwa haki, tuzidishe vifo vya Norwei mara mbili: 500 × 2 = 1,000. Sasa tugawe: 8,500 ÷ 1,000 = 8.5. Maana yake, mwaka ule Uswidi ilipoteza watu zaidi ya mara 8 kuliko Norwei. Denmark na Ufini pia zilikuwa na vifo vichache zaidi kuliko Uswidi.

Kina nani walikufa? Karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Na karibu nusu ya wote waliokufa mwaka huo walikuwa wanaishi katika nyumba za kutunzia wazee. Huko wazee wengi hawakai na wana wao. Hukaa pamoja katika nyumba hizo na kutunzwa na watumishi. Watumishi wengi walikuwa vibarua wa kulipwa kwa saa. Mwanzoni hawakuwa na nguo za kutosha za kujikinga. Walitoka chumba hiki wakaingia kile, na ugonjwa ukaenda nao. Baadhi ya wazee walioumwa hawakuonwa na daktari ana kwa ana. Kwa hiyo mlango ulifungwa kwa wajukuu waliokuja kusalimu, lakini ugonjwa ukapita kwa mlango wa watumishi.

Wengine walioumia mapema ni wahamiaji. Mwezi Machi 2020 madaktari Wasomali waishio Uswidi walieleza kwamba kati ya watu 15 wa kwanza kufa katika mji wa Stockholm, 6 walikuwa wa asili ya Somalia. Ni wengi mno kupita idadi yao katika mji. Wengi wao huishi watu wengi katika nyumba ndogo, babu na bibi wakiwa humo humo. Wengine ni madereva wa teksi na mabasi, kazi isiyofanyika ukiwa nyumbani. Na maelezo ya ugonjwa katika lugha yao yalichelewa. Mshauri anayetegemea watu waelewe hana budi kuanza na lugha yao, na katika hilo Uswidi ilijikwaa.

Kuna pia habari ya kinga ya umma. Maana yake ni hii: watu wengi wakiisha kuugua na kupona, kirusi hukosa mtu mpya wa kumwingia, na ugonjwa hupungua. Idara ya Afya ya Umma ilisema hilo halikuwa lengo lake. Hata hivyo ilitazamia kwamba kinga hiyo itakuja upesi Stockholm. Damu za watu zilipopimwa mwishoni mwa Aprili 2020, watu 7 tu kati ya 100 mjini humo walionekana na kinga. Matumaini hayo yalikuwa makubwa kuliko ukweli.

Desemba 2020 Mfalme wa Uswidi, Carl XVI Gustaf, alisema hadharani kwamba kwa maoni yake nchi imeshindwa, kwa kuwa watu wengi wamekufa. Mfalme wa huko hana kawaida ya kusema mambo ya serikali, kwa hiyo maneno yake yalishtua wengi. Tegnell mwenyewe alikwisha kukiri mwezi Juni kwamba kama ugonjwa huo huo ungekuja tena, wangefuata njia iliyo katikati ya yale waliyofanya wao na yale yaliyofanywa na nchi nyingine.

UPANDE WA PILI: HAWAKUSHINDWA

Wanaoitetea Uswidi husema: msihesabu mwaka mmoja, na msihesabu jirani mmoja.

Wao hutumia hesabu ya vifo vya ziada. Tuielewe kwa mfano. Kijiji huzika watu 10 kila mwaka. Mwaka wa ugonjwa kimezika 14. Wale 4 waliozidi ndio vifo vya ziada. Hesabu hii ni nzuri kwa sababu haiulizi kila mmoja alikufa kwa ugonjwa gani; nchi inayoficha na nchi inayotangaza zote hupimwa kwa kipimo kimoja.

Shirika la Afya Duniani lilipiga hesabu hiyo kwa miaka 2020 na 2021. Uswidi ilipata kiasi cha vifo vya ziada 56 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Uingereza, iliyowafungia watu majumbani, ilipata kiasi cha 109. Italia, iliyofunga kwa askari, ilipata kiasi cha 133. Norwei haikuwa na ziada. Halafu mwaka 2022, Norwei na Ufini zilipokwisha kufungua, nazo zikapata vifo vya ziada, na pengo kati yao na Uswidi likapungua.

Tena watoto wadogo wa Uswidi waliendelea kusoma. Wataalamu waliopima usomaji wa watoto wa madarasa ya chini hawakuona kwamba umeshuka, wakati nchi nyingi nyingine watoto walirudi nyuma. Gharama ilikuwapo: walimu waliobaki darasani waliambukizwa karibu mara mbili kuliko walimu wa wanafunzi wakubwa waliofundisha wakiwa nyumbani.

TUPIMEJE?

Ukiilinganisha Uswidi na Norwei, ilishindwa. Ukiilinganisha na Uingereza au Italia, ilifanya vizuri. Kwa hiyo kufunga peke yake hakukuamua mambo. Norwei na Denmark zilichukua hatua mapema, wagonjwa wakiwa wachache. Italia na Uingereza zilifunga moto ukiwa umeshashika paa. Stockholm nayo ilikuwa na bahati mbaya: likizo ya shule iliangukia mwisho wa Februari 2020, na familia nyingi zilikwenda kuteleza kwenye theluji katika milima ya Italia na Austria, zikarudi na virusi kabla watu hawajatahadhari.

Serikali ya Uswidi iliunda tume ichunguze. Mkuu wake alikuwa Mats Melin, aliyewahi kuwa jaji. Desemba 2020 tume ilisema wazee hawakulindwa, na kwamba kasoro za nyumba zao zilijulikana tangu zamani. Februari 2022 ilitoa taarifa ya mwisho. Ilisema kuwashauri watu badala ya kuwafungia kulikuwa sawa. Lakini ilisema pia kwamba hatua za Februari na Machi 2020 zilikuwa chache na zilichelewa, kwamba barakoa zilipaswa kushauriwa, na kwamba serikali iliwaachia wataalamu mzigo wa uongozi.

Mimi naikubali tume, ila naongeza neno. Mzee aliyekufa Aprili 2020 hafanani na aliyekufa mwaka 2022. Chanjo zilianza Uswidi Desemba 27, 2020. Aliyelindwa mpaka siku hiyo alipata nafasi ya kuchanjwa, na pengine miaka ya kuishi. Wa Aprili hakuipata. Hesabu ya miaka mitatu ikijumlishwa pamoja humfunika huyo, na wanaoipenda Uswidi mno hawamtaji.

Sisi Tanzania nasi hatukuwafungia watu majumbani mwaka 2020, ingawa shule zilifungwa kuanzia Machi mpaka Juni. Lakini takwimu zetu za mwisho kutangazwa, mwezi Mei 2020, zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Chanjo zilizinduliwa Julai 2021. Waswidi wanaweza kugombana juu ya wafu wao kwa sababu waliwahesabu, wiki kwa wiki, wakaandika na umri wao. Kwetu hesabu kama ile uliyoifanya hapo juu kwa kalamu haiwezekani kwa miezi hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Uswidi ililinganishwa na Norwei na pia na Uingereza. Mnaona ipi ni haki zaidi? Toeni sababu.

2. Kama kijiji cha watu 2,000 kimepoteza watu 6, na kijiji cha watu 500 kimepoteza watu 3, ni kipi kilichoumia zaidi? Onyesheni hesabu.

3. Katika kijiji chenu wazee hukaa na nani? Ugonjwa wa kuambukiza kwa pumzi ukija, ni nani atamletea mzee ugonjwa, na atakula nini yule mtunzaji akiambiwa abaki nyumbani?

4. Vifo vya kijijini kwenu huandikwa na nani? Nendeni ofisi ya kijiji mkaulize daftari liko wapi, na mara ya mwisho liliandikwa lini.