Mkonge Hufungua Majani Usiku

Ukipita barabara ya Korogwe kwenda Tanga wakati wa kiangazi, saa saba mchana utakuta mahindi yamekunja majani, na ng'ambo ya pili mkonge umesimama wima. Jua ni lile lile na udongo ni ule ule. Mimea hii miwili inatofautiana katika namna ya kupata hewa.

Tuanzie kwenye msingi. Mmea hutengeneza sukari kwa kuunganisha maji na hewa ukaa kwa nguvu ya jua. Kazi hii ndiyo usanisinuru. Maji hupandishwa na mizizi. Hewa ukaa huingia kupitia vitundu vidogo sana vya jani, stomata. Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu ndani ya jani mna unyevu tele na nje ni kukavu, na kitundu kinachoingiza hewa ndicho hicho kinachotoa mvuke. Isitoshe, katika kila molekuli 10,000 za hewa, za hewa ukaa ni 4 hivi tu, kwa hiyo kitundu hukaa wazi muda mrefu kwa pato dogo. Mimea kama mpunga na maharage hupoteza gramu 400 hadi 500 za maji ili kupata gramu 1 ya hewa ukaa. Mahindi, mtama na muwa hutumia kimeng'enya kinachoinasa hewa hiyo kwa nguvu zaidi, na hasara yao hushuka hadi gramu 250 au 300. Mimea ya kundi la mkonge hupoteza 50 hadi 100.

Tofauti kubwa hivyo inatokana na joto. Hewa ya nyuzi 32 inaweza kubeba mvuke karibu mara mbili ya hewa ya nyuzi 20, hivyo jani lenye joto husukuma maji nje kwa kasi kubwa. Usiku jani hupoa na msukumo huo hupungua. Mkonge husubiri jua lichwe, ndipo ufungue stomata.

Lakini usiku hakuna mwanga wa kutengenezea sukari, na gesi ikiachwa hivi hivi itavuja. Mkonge huigeuza kuwa asidi ya maliki na kuiweka katika vakuoli, mfuko wa maji ulio ndani ya seli, kama mwenye duka anayepokea mzigo usiku ili auze mchana. Kukipambazuka stomata hufungwa, asidi huvunjwa, hewa ukaa huachiliwa ndani kwa ndani, na jua humalizia kazi.

Mapema katika karne ya 19, mwanabotania Benjamin Heyne alitafuna huko India jani la mmea wenye tabia hii. Asubuhi lilikuwa kali kwa uchachu. Mchana halikuwa na ladha.

Vakuoli zikijaa, mapokezi husimama hata kama usiku ungali mrefu. Kwa hiyo mmea hukua polepole, na hiyo ni sababu mojawapo ya mkonge kungojewa miaka kabla ya kukatwa majani ya kwanza.

Walimu wa baiolojia, nanasi nalo hufanya hivi. Waambieni wanafunzi watwange jani lake alfajiri, na jingine alasiri, kisha wapime maji yake kwa karatasi ya pH. Msitumie mkonge: utomvu wake huwasha ngozi.